Majira ya Cheche: Historia ya Distribyuta katika Injini za Kasi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili cha gereji kimeyapokea bila ya kuyahoji ni taimingi. Mwenye gari huambiwa kwamba taimingi ya injini yake imeharibika, naye huitikia kwa kichwa kana kwamba ameelezwa jambo; kumbe hakuelezwa kitu. Neno hilo linafunika mambo manne au matano yaliyo mbalimbali, na kila moja lina historia yake. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya jambo moja kati ya hayo, nalo ni kupanga wakati wa cheche katika injini ya petroli kwa chombo kiitwacho distribyuta, hasa katika injini zile zilizotengenezwa ili zitoe nguvu na kasi kupita kawaida. Historia yenyewe ni ya Ulaya na Marekani, wala sioni haja ya kuihamishia kwetu kwa nguvu. Hata hivyo, iko sehemu yake moja iliyomalizikia Nairobi, na iko nyingine inayotuhusu sisi walimu wa lugha waziwazi. Zote mbili nitazifikia mahali pake.

Huenda mwenzangu mmoja akauliza jarida la lugha lina shauri gani na mitambo. Jibu langu ni fupi. Tumekuwa na kamati za lugha tangu mwaka 1930, na orodha za istilahi za siasa, sheria, isimu na biolojia zimekwisha kuchapishwa. Lakini istilahi haiundwi kwa kulikazia macho neno la kigeni. Huundwa kwa kulitazama jambo lenyewe. Anayeunda neno la kazi hii pasipo kujua kwa nini cheche hutakiwa kutangulia ataunda neno la uongo, na fundi atakayelifuata atatoboa pistoni ya watu.

Injini ya mipigo minne hukamilisha kazi yake katika mizunguko miwili ya krenki. Pistoni hushuka ikivuta mchanganyiko wa hewa na petroli, hupanda ikiukandamiza, hushuka tena ikisukumwa na moto, kisha hupanda ikiufukuza moshi. Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba cheche yapasa kutokea pistoni inapofika kileleni. Sivyo hata kidogo. Mchanganyiko ule haulipuki mara moja kama baruti. Huungua ukianzia kwenye ncha ya plagi na kuenea hadi kwenye kuta za silinda, na uenezi huo huchukua muda. Anayetaka makaa yawe mekundu magharibi hawashi jiko magharibi. Shinikizo la gesi linatakiwa lifike upeo wake pistoni ikiwa imekwisha kupita kilele kwa digrii 15 hivi za mzunguko wa krenki, kwani hapo ndipo msukumo unapopata mwegemeo mzuri juu ya mkono wa krenki. Kwa hiyo cheche haina budi kutangulia kilele.

Itangulie kwa kiasi gani? Swali hilo ndilo lililozaa historia yote hii. Krenki inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hupita digrii 6 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikizunguka mara 6,000 hupita digrii 36 katika muda uo huo. Kama moto ungechukua muda ule ule siku zote, ingebidi utangulizi uongezwe mara sita. Kwa bahati njema haiwi hivyo, kwa kuwa injini inapokwenda kasi mchanganyiko huvurugika zaidi ndani ya silinda, na mvurugiko huo huukimbiza moto. Ndiyo sababu utangulizi huongezwa hadi kiasi cha mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, kisha huachwa palepale hata injini ikipiga 7,000.

Wahandisi wa kwanza hawakusumbuliwa na hesabu hizi, kwa sababu injini zao zilikwenda mwendo wa kobe. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mjini Paris mwaka 1860, lakini Nikolaus Otto, aliyeijenga injini ya mipigo minne mwaka 1876, aliwasha kwa mwali wa moto. Gottlieb Daimler akatumia bomba jembamba lililochomwa kwa nje hadi likawa jekundu, na bomba hilo liliwasha lilipotaka lenyewe. Carl Benz, katika gari lake la mwaka 1886, alichagua umeme. Robert Bosch wa Stuttgart alianza kutengeneza magneto za injini za kusimama mwaka 1887, na mhandisi wake Gottlob Honold akakamilisha magneto ya volti nyingi pamoja na plagi yake mwaka 1902. Haya nayapitia upesi, maana yameelezwa vya kutosha na wengine.

Gari lililowafundisha watu wengi zaidi maana ya kuitanguliza cheche ni Ford Model T, lililotoka mwaka 1908 na kuundwa kwa idadi ya milioni 15 hadi mwaka 1927. Chini ya usukani wake palikuwa na vijiti viwili: cha kulia cha petroli, cha kushoto cha cheche. Alipotaka kuiwasha injini kwa mpini wa mkono, dereva alikipandisha kijiti cha kushoto ili cheche isiwahi. Injini ilipokwisha kuwaka alikishusha kidogo kidogo huku akiisikiliza. Aliyesahau kukipandisha alikiona cha mtema kuni: pistoni ilirudishwa nyuma kabla ya kufika kileleni, na mpini wa chuma ukamrudia kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mwanaisimu ataona hapa jambo la kumpendeza. Katika zama hizo utangulizi wa cheche haukuwa neno la fundi peke yake, ulikuwa neno la kila dereva, kama vile breki na gia yalivyo maneno ya kila dereva leo. Kijiti kilipoondolewa, neno nalo likarudi gereji, na huko likabaki.

Model T lilikuwa na dosari nyingine. Kila silinda ilikuwa na koili yake yenye ulimi wa chuma uliotetemeka, na koili hiyo ilitoa mvua ya cheche badala ya cheche moja. Ulimi ulihitaji muda kidogo kuanza kutetemeka, na muda huo haukulingana kati ya koili na koili. Injini iendayo polepole haikujali. Iendayo kasi ilijali sana. Aliyeondoa dosari hii alikuwa Charles Kettering, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1876, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha mjini Dayton. Yeye na Edward Deeds, pamoja na wenzao waliokusanyika jioni katika banda la Deeds, walitengeneza mtambo wa cheche uliochukuliwa na Cadillac kwa magari ya mwaka 1910, na kampuni yao ikaitwa Delco. Miaka miwili baadaye Cadillac ikatoa pia gari linalojiwasha kwa umeme, na mpini wa mkono ukaanza kusahauliwa.

Ufumbuzi wa Kettering ulikuwa mwepesi wa ajabu. Umeme wa betri hupita katika uzi mnene wa koili na katika pointi mbili zilizogusana. Pointi zinapotenganishwa na pembe ya kamu ndogo, mkondo hukatika ghafla, na uzi mwembamba ulioviringwa ndani ya koili hiyo hiyo hutoa umeme wa maelfu ya volti. Cheche ni moja, nayo hutokea pale pale pointi zinapoachana. Kwa maneno mengine, anayejua pointi zinaachana lini anajua cheche inatokea lini. Kwa zaidi ya miaka 60 karibu ulimwengu wote uliendesha magari kwa mpango huo.

Juu ya pointi hizo ikawekwa rota inayozunguka na kuupeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu, na chombo kizima kikapata jina ambalo kwa Kiingereza halina maana zaidi ya mgawaji. Wajerumani nao wakakiita Zündverteiler, yaani mgawa mwako. Wafaransa peke yao walikataa kukiita kwa kazi ya kugawa. Wao husema allumeur, mwashaji. Kwa maoni yangu hakuna hata taifa moja kati ya hayo matatu lililolenga shabaha. Kugawa ni kazi nyepesi, na hata kipande cha mbao kingeweza kuifanya. Kazi nzito ya chombo hiki ni kuamua wakati, nayo haimo katika jina lolote kati ya hayo.

Kazi hiyo ya kuamua ilichukuliwa kutoka mkononi mwa dereva kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vipande viwili vya chuma vizito vilivyofungwa kwa springi ndani ya distribyuta. Mhimili unapozunguka kwa kasi, vipande hivyo hujitupa nje na kuisogeza kamu mbele, nazo pointi hufunguka mapema zaidi. Mwendo ukipungua, springi huvirudisha. Ya pili, iliyoenea katika miaka ya 1930, ilikuwa ya kibati chenye utando, kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Gari linapokwenda tambarare bila ya mzigo, dereva akiwa amegusa petroli kidogo tu, ndani ya bomba la hewa hutokea ombwe kali. Wakati huo silinda hupata mchanganyiko haba unaoungua kwa uvivu, na kwa hiyo unahitaji kuwashwa mapema zaidi. Ombwe huuvuta utando, utando ukaivuta sahani ya pointi, cheche ikatangulia. Dereva akikanyaga petroli yote, ombwe hutoweka na nyongeza ile ikatoweka nayo. Ford Model A, lililoundwa hadi mwaka 1931, bado lilikuwa na kijiti cha cheche. V8 ya Ford ya mwaka 1932 haikuwa nacho.

Ni V8 hiyo ya 1932 iliyozaa ufundi ninaotaka kuukawilia. Ilikuwa injini ya kwanza ya silinda nane kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, na vijana wa kusini mwa California waliinunua ikiwa imetumika, wakaivua kila kisichokuwa na faida, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana katika Southern California Timing Association. Taimingi ya jina hilo, msomaji aangalie, si ya cheche. Ni ya saa za kupimia mwendo wa gari kati ya mstari na mstari. Hata wenye lugha yenyewe wanalitumia neno hilo moja kwa kazi mbili, na kijana mmoja angeweza kushindwa katika ya pili kwa sababu ya kukosea ya kwanza. Distribyuta ya V8 hiyo ilikuwa na jozi mbili za pointi, moja ya kufunga na moja ya kufungua, ili koili ipate muda mrefu zaidi wa kujaa. Tena ilifungwa mbele ya kamshafti mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi, na waliotaka kuipanga sawasawa waliitoa na kuipima juu ya meza kwa mashine yake.

Injini iliyowafaa mafundi hawa kuliko zote ilikuja baadaye, nayo ni V8 ndogo ya Chevrolet, iliyotolewa kwa magari ya mwaka 1955 chini ya mhandisi mkuu Ed Cole. Ilikuwa ya inchi za ujazo 265, na katika umbo lake la kawaida ilitoa nguvu za farasi 162. Kwa magari ya mwaka 1957, ikiwa imepanuliwa hadi inchi 283 na kutiwa mtambo wa kunyunyizia petroli, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283. Distribyuta yake husimama wima upande wa nyuma. Huzungushwa na gia ya kamshafti yenye meno ya mshazari, na ncha yake ya chini huizungusha pampu ya oili. Cheche hufuata mpango wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota huzunguka kama mwendo wa akrabu za saa.

Tuhesabu kidogo. Silinda nane hutaka cheche nne kwa kila mzunguko wa krenki. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika hizo ni cheche 400 kwa sekunde, na pointi za chuma, kwa springi yake ndogo, hufunguka na kufungika mara 400 katika muda wa mtu kupepesa jicho mara chache. Kila silinda ina digrii 45 za mzunguko wa distribyuta, na katika hizo pointi hukaa zimegusana kwa digrii 30 hivi. Maana yake ni kwamba koili hupata sehemu 1.7 tu za elfu moja ya sekunde kujaa umeme. Springi ikilegea kidogo, pointi hurukaruka, koili haijai, na injini hukohoa pale pale inapotakiwa kuimba.

Kuifunga distribyuta hiyo ni kazi ya dakika chache kwa anayejua, na ya siku nzima kwa asiyejua. Fundi huondoa plagi ya silinda ya kwanza, huziba tundu lake kwa kidole gumba, na kuizungusha krenki taratibu hadi asikie hewa ikimsukuma. Hiyo ndiyo ishara kwamba pistoni inapanda kwa mkandamizo, wala si kwa kufukuza moshi. Asipoihakikisha ishara hiyo anaweza kuifunga distribyuta kwa kosa la mzunguko mzima wa krenki, alama zote zikionekana sawa. Kisha huishusha distribyuta mahali pake, akikumbuka kwamba meno ya mshazari yataizungusha rota kidogo inaposhuka, hivyo yampasa aanze nayo ikiwa imeelekea kando ya mahali anapotaka imalizie. Pampu ya oili nayo sharti ishikane na ncha ya chini. Ikigoma, fundi mwenye haraka huikaza kwa boliti. Mwenye akili huitoa, akaanza upya.

Hapo injini itawaka, lakini haijapangwa. Kwa kupanga hutumika taa ya kimulimuli, mjukuu wa mitambo aliyoianzisha Harold Edgerton katika chuo cha MIT mwaka 1931. Taa hiyo humweka kila mara silinda ya kwanza inapopata cheche, na alama iliyochorwa kwenye gurudumu la mbele la krenki, ambayo kwa macho matupu haionekani kabisa, huonekana kana kwamba imesimama. Fundi huuchomoa mpira wa ombwe na kuuziba, hulegeza boliti, huizungusha distribyuta nzima kwa kiganja, na kuiona alama ikitembea mbele au nyuma. Kitabu cha gari la kawaida kilimwambia aache kwenye digrii 4, au 8, injini ikiwa inanguruma polepole.

Mafundi wa injini za kasi waligeuza mpango huo juu chini. Waliona kwamba tarakimu ya mngurumo haina uzito mkubwa. Yenye uzito ni ile ya mwisho, pale vipande vya chuma vimekwisha kujitupa nje kabisa. Kwa V8 hii ya Chevrolet, tarakimu hiyo ni digrii 36 hivi, mbili zaidi au mbili pungufu. Kwa hiyo waliipandisha injini hadi mizunguko 3,000, wakaiweka alama kwenye 36, ndipo wakatazama mngurumo umeangukia wapi. Aliyetia kamshafti ya mbio, ambayo huacha valvu zote mbili wazi kwa pamoja muda mrefu, alikuta injini haikai: moshi uliosalia ndani ya silinda huudhoofisha mchanganyiko, nao hutaka cheche mapema, pengine digrii 18 tangu mngurumo. Lakini 18 zikiongezwa zile 24 za vipande vya chuma ni 42, na 42 ni maangamizi. Dawa ilikuwa kuwekea kizuizi mwendo wa vile vipande ili vitoe 18 tu badala ya 24, na kubadili springi ili vianze mapema au vichelewe. Katika kazi hiyo wengi walidanganywa na neno digrii. Distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo digrii 9 zilizopigwa muhuri juu ya kipande cha distribyuta ni digrii 18 za krenki. Vitabu vingine vilihesabu kwa krenki, vingine kwa distribyuta, na si vyote vilivyosema vinahesabu kwa ipi.

Maangamizi niliyoyataja yana jina katika Kiswahili cha gereji, nalo ni zuri: injini inagonga. Cheche ikitangulia kupita kiasi, shinikizo hupanda pistoni ikiwa bado inapaa; ule mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto hubanwa na kupashwa joto hadi ujiwashe wenyewe kwa mshindo. Mgongo huo ukidumu, kichwa cha pistoni hutoboka. Yafaa isemwe hapa kwamba kiasi cha kugonga hutegemea pia mahali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Silinda hupata hewa kidogo, mkandamizo huwa hafifu, na injini hustahimili utangulizi ambao ingeulalamikia pwani. Wale walioshindana katika Safari Rally tangu ilipoanza mwaka 1953 walipita miinuko na nyanda za chini katika mashindano yale yale, na distribyuta moja haiwezi kuwa sawasawa kwa zote. Lazima pawe na mapatano.

Kugonga ndiko kunakoturudisha kwa Kettering. Magari ya Cadillac yalipoanza kugonga, waliokuwa wakiupinga mtambo wake walisema kosa ni la cheche yake. Alijua si hivyo, na katika mwaka 1916 alimwagiza msaidizi wake Thomas Midgley atafute chanzo. Njia za kutibu zilikuwapo: kupunguza utangulizi wa cheche na kupoteza nguvu, kupunguza mkandamizo na kupoteza nguvu, au kuchanganya petroli na spiriti, jambo ambalo wote wawili walilifahamu vyema. Tarehe 9 Desemba 1921, huko Dayton, Midgley alitia ndani ya petroli kiasi kidogo sana cha kemikali yenye madini ya risasi, na injini ikanyamaza. Kemikali hiyo ilikuwa na faida kubwa kibiashara, maana iliweza kumilikiwa. Spiriti haimilikiwi na mtu. Ikaanza kuuzwa mwaka 1923, na Kettering akawa rais wa kwanza wa kampuni ya Ethyl.

Mnamo Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, na wengine wengi wakalazwa. Katika mkutano wa Washington wa Mei 1925, Alice Hamilton wa Harvard na Yandell Henderson wa Yale walionya kwamba barabara za nchi nzima zitatiwa sumu. Hawakusikilizwa. Katika historia nyingi za magari sura hii huwekwa katika kitabu kingine, kana kwamba haihusiani na ufundi. Inahusiana. Kila digrii ya utangulizi ambayo injini za miaka ya 1950 na 1960 ziliistahimili bila kugonga ilinunuliwa kwa risasi, na waliolipa ni watoto waliovuta moshi wake. Kiswahili hapa kinasema zaidi kuliko kilivyokusudia, kwa kuwa madini hayo na kile kitokacho kwenye bunduki tumevipa jina moja tulilolipata kwa Waarabu.

Mwisho wa risasi ndio niliosema kwamba ulimalizikia kwetu. Mataifa ya Kusini mwa Sahara yaliahidi huko Dakar, Juni 2001, kuiacha petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 yalikuwa yameiacha, Kenya ikiwemo. Kampeni ya dunia nzima iliendeshwa kutoka makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri. Nchi ya mwisho, Algeria, iliacha Julai 2021, miaka mia kasoro miezi michache tangu siku ile ya Dayton.

Distribyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka kabla ya hapo. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 iliwalazimisha watengenezaji wapunguze utangulizi wa cheche na kuzifungia njia za ombwe. Mwaka 1971 General Motors ilishusha mkandamizo wa injini zake, chini ya rais wake Ed Cole, yule yule aliyeijenga V8 ya 1955. Chrysler ikaondoa pointi na kutia elektroniki mwaka 1972. Mwaka 1997 Chevrolet ilitoa injini ya LS1 yenye koili moja kwa kila silinda, bila ya distribyuta, na hata mpango wa cheche ukabadilika kuwa 1-8-7-2-6-5-4-3. Sasa kompyuta huisikiliza injini kwa kifaa chenye sikio kali kuliko la fundi, na kuamua upya kwa kila cheche. Magari yaliyotumika yanayoruhusiwa kuingia Kenya hayazidi umri wa miaka 8, na kwa hiyo kijana anayejifunza ufundi leo anaweza kumaliza miaka yake ya mafunzo asiiguse distribyuta. Ataikuta labda katika magari ya zamani ya East African Safari Classic Rally, yaliyoanza kushindana mwaka 2003.

Basi tuje kwenye maneno. Walio wengi, wakiombwa kutafsiri mambo mawili makuu ya kazi hii, watajibu bila ya kufikiri: kuwahisha cheche na kuchelewesha cheche. Naona yote mawili yana kasoro, na la pili lina hatari. Kuwahi ni kufika kabla ya wakati kupita. Neno hilo halisemi umetangulia nini. Kutangulia hudai mwenzake, na hapa mwenzake yupo, ndiye pistoni iendayo kileleni. Ama kuchelewa, ni kupita wakati uliowekwa. Fundi akiambiwa achelewesha cheche ya injini inayogonga, ataelewa kwamba aipeleke nyuma ya kilele, wakati anachotakiwa kufanya ni kuirudisha kutoka 40 hadi 36, na 36 bado ni kutangulia. Cheche iliyochelewa kweli hailindi injini. Huipasha moto, mwali ukatokea valvuni ungali unawaka. Hapa yatosha kusema kupunguza utangulizi. Kutokana na neno hilo moja tunapata utangulizi wa mwanzo, ule wa mngurumo. Utangulizi wa mwendo, ule wa vipande vya chuma. Utangulizi wa ombwe. Na utangulizi wa jumla. Najua kwamba sisi wenye kuandika vitabu tumelizoea neno utangulizi kwa kurasa za mbele ambazo hazisomwi. Hilo halizuii.

Na kazi yenyewe, tuiiteje? Wazee wa Pwani walipoipanga saa walisema wanaitia saa majira, na neno majira walilitumia baharini pia kwa njia ambayo chombo huelekezwa. Kutia cheche majira kungekuwa na wakati na mwelekeo ndani yake, na fundi anayeizungusha distribyuta kwa kiganja anafanya yote mawili kwa mkono mmoja. Sidai kwamba gereji zitaliacha neno taimingi kwa sababu ya makala haya. Ninachodai ni kwamba kamusi itakayolieleza neno hilo ianze kwa kumuuliza fundi: taimingi ipi, ya mnyororo wa kamshafti au ya cheche, na ikiwa ni ya cheche, digrii zake anazihesabu kwa krenki au kwa distribyuta.